Biblia na mila: Ipi mizani, ipi bidhaa?

Mnamo Machi 17, 2021, majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi walitupilia mbali kesi iliyotaka sheria inayoharamisha ukeketaji ifutwe. Mlalamishi, ambaye ni daktari, alikuwa amewasilisha kesi hiyo mwaka wa 2017. Alidai kuwa Sheria ya 2011 inawanyima wanawake watu wazima uhuru wa kufuata mila zao, na kwamba imejengwa juu ya maadili ya kigeni yasiyofaa kuwapimia Waafrika.

Majaji hawakukubaliana naye. Hata hivyo, hoja aliyoibua haikuzikwa pamoja na kesi. Husikika katika kumbi za vyuo vikuu, katika mijadala ya redio na hata miongoni mwa waumini wenyewe: kila jamii ina ukweli wake, na asiyezaliwa humo hana haki ya kuuhukumu.

Kwa Mkristo, hoja hii ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Iwapo kila ukweli ni mali ya utamaduni fulani, basi Biblia nayo ni mali ya Wayahudi na Wagiriki wa kale, iliyofikishwa Afrika Mashariki kwa meli za Wazungu. Anayeiamini atakuwa amebadilisha tu mila moja kwa nyingine, na anayemhubiria jirani yake atakuwa mtovu wa adabu.

Jibu linalotolewa mara nyingi mimbarani ni kupaza sauti zaidi. Lakini historia ya Ukristo nchini Kenya ina jibu lililopimwa, na lilipatikana kwa gharama kubwa. Ili kulielewa, ni lazima kurudi nyuma hadi mwaka wa 1929.

Machi mwaka huo, wajumbe wa makanisa ya misheni walikutana Tumutumu, Nyeri, wakaamua kwamba muumini atakayeruhusu binti yake kutahiriwa atengwe na ushirika. Aliyekuwa mstari wa mbele ni Dkt John Arthur wa misheni ya Kanisa la Scotland huko Thogoto. Misheni ya Africa Inland iliyokuwa Kijabe na ile ya Gospel Missionary Society ya Kambui ziliunga mkono msimamo huo. Waanglikana hawakuwa na kauli moja.

Baadaye mwaka huo, waumini walitakiwa kutia sahihi au kuweka alama ya kidole kwenye tamko la kukana tohara ya wasichana na kujitenga na chama cha Kikuyu Central Association (KCA). Waliokubali waliitwa kirore, yaani watu wa alama ya kidole. Waliokataa waliitwa aregi. Jamaa za mtu mmoja ziligawanyika, shule zikabaki tupu, na wimbo wa Muthirigu uliowakejeli wamishonari na wafuasi wao ukaenea kwa kasi hivi kwamba serikali ya kikoloni iliupiga marufuku Januari 1930. Mwezi huohuo mmishonari Mmarekani, Hulda Stumpf, aliuawa nyumbani kwake Kijabe.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na Biblia mkononi.

Agano Jipya katika lugha ya Gikuyu lilikuwa limechapishwa mwaka wa 1926, na watu walikuwa wakilisoma wenyewe bila kusubiri kusomewa. Walipofika mahali Mariamu anapotajwa kuwa bikira, walikuta neno muiritu, ambalo kwa Mkikuyu wa wakati huo lilimaanisha msichana aliyekwisha kutahiriwa. Neno irua nalo lilitumiwa kwa tohara ya wavulana na ya wasichana vilevile. Msomaji aliyeambiwa kwamba Biblia inapinga tohara ya binti yake aliuliza, tena kwa haki, aya hiyo iko wapi.

Wamishonari hawakuwa nayo. Hakuna mstari wa Biblia unaotaja tohara ya wasichana, wala kuiamuru wala kuikataza. Walichokuwa nacho ni mafundisho mapana zaidi: kwamba mwili wa binadamu ni kazi ya Mungu, na kwamba hakuna alama ya mwilini inayohitajika ili mtu akubaliwe naye. Hoja hii ya pili ndiyo aliyoijenga Mtume Paulo katika Waraka kwa Wagalatia alipokuwa akizungumzia tohara ya wanaume. Isitoshe, madaktari wa misheni walikuwa wameyaona kwa macho yao madhara ya desturi hiyo wakati wa wanawake kujifungua.

Hizo zilikuwa hoja nzuri, nao wakaziponza wenyewe. Tamko la kidole liliunganisha suala la imani na suala la siasa kwa kumtaka muumini akane chama kilichokuwa kikitetea ardhi ya baba yake. Mkikuyu aliyesikia injili na matakwa ya utawala yakitoka katika kinywa kimoja hakuwa na njia rahisi ya kuyatenganisha. Kosa la wamishonari halikuwa kuiamini Biblia kupita kiasi. Waliamini pia, bila kujua, kwamba kila walichokuja nacho kilikuwa kimetoka humo.

Aregi walipoondoka hawakuitupa Biblia. Waliondoka nayo. Walianzisha shule huru chini ya vyama vya Kikuyu Independent Schools Association na Karing'a, na wengine wakaunda kanisa la African Independent Pentecostal ambalo lina waumini wengi hadi leo. Wengine walimwalika Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa Kanisa la African Orthodox kutoka Afrika Kusini, aliyewasili mwaka wa 1935 kuwafunza makasisi.

Aliyeubeba mtazamo wa KCA hadi Ulaya alikuwa Jomo Kenyatta, katibu mkuu wa chama hicho. Huko London alisomea anthropolojia chini ya Bronislaw Malinowski, na kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka wa 1938, kilieleza kwamba irua ni nguzo inayoshikilia elimu, sheria na maadili ya Wakikuyu. Malinowski ndiye aliyekiandikia utangulizi. Kwa hivyo mgogoro wa vijijini Kiambu na Murang'a ulikutana na mojawapo ya fikra zilizokuwa zikipata nguvu katika vyuo vikuu vya Magharibi.

Malinowski alifundisha kwamba kila desturi ina kazi yake katika jamii, na anayeing'oa moja hutikisa nyumba nzima. Nchini Marekani, Franz Boas na wanafunzi wake, wakiwemo Ruth Benedict na Melville Herskovits, walisisitiza kwamba utamaduni ueleweke kwa vipimo vyake wenyewe. Baadhi yao walikwenda mbali zaidi. Mwaka wa 1947 Chama cha Wanaanthropolojia cha Marekani, kwa kalamu ya Herskovits, kiliwasilisha taarifa kwa Umoja wa Mataifa kikitilia shaka iwapo tamko moja la haki za binadamu lingeweza kuwafaa watu wa tamaduni zote.

Wasomi hao hawastahili kubezwa. Boas, Myahudi mzaliwa wa Ujerumani, alitumia maisha yake kupinga uongo kwamba kuna watu walioumbwa bora kuliko wengine. Wakati ambapo baadhi ya wamishonari na walowezi waliuona ushenzi kila walikogeuka Afrika, wanaanthropolojia walikaa chini, wakajifunza lugha, wakasikiliza. Mkristo anayepuuza funzo hilo hupoteza kitu cha thamani.

Hata hivyo, kusikiliza ni jambo moja, na kusema hakuna ukweli unaovuka mipaka ya kabila ni jambo jingine. Anayesema kila ukweli ni wa utamaduni wake hutaka kauli hiyo yenyewe ikubaliwe na tamaduni zote. Ameketi juu ya tawi analolikata. Chama kilichotoa taarifa ya 1947 nacho kiligeuza msimamo: mwaka wa 1999 kilipitisha azimio la kutetea haki za binadamu.

Kwa Mkenya, kasoro hiyo haikuwa ya vitabuni. Ikiwa kila jamii ina ukweli wake, mlowezi aliyetwaa shamba la mtu naye alikuwa akifuata desturi za kwao. Afisa aliyewalazimisha wanaume kuning'iniza kipande shingoni kama kengele ya mbuzi alikuwa na utamaduni wake wa utawala, na asiyekuwa Mwingereza hakuwa na haki ya kuuhukumu. Wakenya waliopinga mambo hayo hawakusema kwamba mila zao ni tofauti na za Mwingereza. Walisema ni dhuluma. Neno dhuluma halina maana isipokuwa pawepo kipimo kilicho juu ya mtawala na mtawaliwa. Hadithi ya Musa na Farao ilifundishwa katika shule za misheni, na wanafunzi wakaielewa vizuri kuliko walimu walivyokusudia.

Msomi Lamin Sanneh, mzaliwa wa Gambia aliyelelewa katika Uislamu kabla ya kuwa Mkristo na baadaye profesa wa Chuo Kikuu cha Yale, aliliandikia jambo hili kitabu mwaka wa 1989. Alieleza kwamba mmishonari anapotafsiri Biblia katika lugha ya wenyeji, anajivua mamlaka bila kujua. Kuanzia siku hiyo mwenyeji anaweza kusoma, kupima na kumwambia mmishonari kwamba alichokifundisha hakimo.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka wa 1971 John Gatu, kiongozi wa Kanisa la Presbyterian (PCEA), aliwataka wamishonari wa kigeni wasitishe kazi yao kwa muda pamoja na fedha zao ili makanisa ya Afrika yajitegemee. Gatu alikuwa mtu wa uamsho, hakuwa adui wa Biblia. Miaka mitatu baadaye, katika mkutano mkubwa wa wainjilisti mjini Lausanne, Uswisi, azimio lilikubaliwa ambalo sehemu yake moja ilisema kwamba kila utamaduni una uzuri kwa kuwa binadamu ni kiumbe cha Mungu, lakini pia una doa la dhambi, na hivyo kila mmoja sharti upimwe kwa Maandiko. Ukiwemo utamaduni wa anayehubiri.

Uamsho aliotoka Gatu ulikuwa umekwisha kuilipia kanuni hiyo damu. Vuguvugu hilo lililoanzia Gahini, Rwanda, liliingia Kenya mwaka wa 1937. Vita vya Mau Mau vilipozuka katika miaka ya 1950, wengi wa waumini wake walikataa kula kiapo, wakisema waliokwisha kunywa kikombe cha Bwana hawawezi kunywa damu ya mbuzi. Baadhi yao waliuawa kwa sababu hiyo. Ila wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali, na wakoloni nao hawakuelewa watu wa aina gani hawa wasiokuwa upande wowote. Mtu anaweza kuwalaumu kwamba hawakusaidia kuleta uhuru. Hawezi kusema walikuwa vibaraka wa utamaduni wa Mzungu.

Mjini Murang'a lipo Kanisa Kuu la St James and All Martyrs lililojengwa kuwakumbuka. Ndani yake, msanii Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alichora ukutani mwishoni mwa miaka ya 1950 maisha ya Yesu kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa. Nyumba ni za Kikuyu, miti na mabonde ni ya pale pale, na watu wote ni Waafrika. Waliokufa kwa kukataa kiapo cha jamii yao wamekumbukwa kwa picha ambazo hazikuikana jamii hiyo hata kidogo.

Si kila mara Biblia ilimhukumu Mwafrika na kumwacha Mzungu. Suala la mitala ni mfano. Mwaka wa 1888 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, Uingereza, waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Katika utekelezaji, wanaume wengi waliotaka ubatizo walilazimika kuwafukuza wake zao, na wanawake hao pamoja na watoto wao wakaachwa bila ardhi wala mlezi. Sheria iliyokusudiwa kulinda ndoa ilizaa talaka.

Ilichukua karne nzima kurekebisha jambo hilo. Mwaka wa 1988, baada ya hoja iliyotetewa na maaskofu wa Kenya, David Gitari akiwa mstari wa mbele, mkutano wa Lambeth uliruhusu mume kama huyo abatizwe pamoja na wake na watoto wake, mradi aahidi kutooa tena, na jamii ya Kikristo ya mahali pake ikubali. Maaskofu hao hawakusema kwamba mitala ni sahihi kwa kuwa ni mila ya Afrika. Walishikilia kwamba ndoa ya mume na mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu. Walichosema ni kwamba Biblia hiyohiyo inayofundisha hivyo inakataza kumtupa mjane na yatima njiani, na kwamba wakuu wa 1888 walisoma nusu ya kitabu.

Miaka kumi baadaye mambo yaligeuka. Katika mkutano wa Lambeth wa 1998, maaskofu waliidhinisha kwa kura 526 dhidi ya 70 azimio kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Kanisa la Episkopali nchini Marekani lilipomtawaza Gene Robinson, aliyekuwa akiishi na mwanamume mwenzake, kuwa askofu wa New Hampshire mwaka wa 2003, Kanisa la Kenya lilikata ushirika na waliohusika. Mkutano wa kwanza wa kundi la GAFCON ulifanyika Jerusalem mwaka wa 2008 na wa pili Nairobi mwaka wa 2013. Aprili 2023, mjini Kigali, wajumbe wake walisema hawawezi tena kumtambua Askofu Mkuu wa Canterbury kama kiungo cha umoja wao.

Katika mabishano hayo, baadhi ya watu wa Magharibi walidai kwamba msimamo wa Waafrika ni utamaduni tu uliovishwa joho la Maandiko. Wengine walikumbusha kuwa Afrika ilivumiliwa kuhusu mitala, basi nayo ivumilie. Maaskofu wa Kenya walijibu kwamba mwenye mitala alipokelewa kwa sharti la kukubali kwamba kipo kipimo, si kwa kubadilisha kipimo. Wapo Wakristo, hata Afrika, ambao hawakuridhika na jibu hilo, nao huisoma Biblia pia. La kuzingatia hapa ni kwamba tuhuma ya 1929 imerudi ikiwa imegeuza uso: sasa Mwafrika ndiye anayeambiwa kwamba dini yake ni kabila lake.

Tuhuma hiyo haiwezi kujibiwa kwa maneno peke yake. Anayesema mizani yake ni Biblia lazima aonyeshe kwamba yeye mwenyewe amewahi kupanda juu ya mizani hiyo. Na hapo ndipo Kanisa la Kenya lilipopata aibu yake kubwa zaidi.

Katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya watu hujitambulisha kuwa Wakristo, fikra kwamba kila kundi lina ukweli wake haikuingia kwa njia ya vitabu vya Boas. Iliingia kwa njia ya kura. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, swali la nani aliyeshinda lilikuwa na jibu moja Kisumu na jingine Nyeri, na waumini wa dhehebu moja, wanaosoma Injili moja Jumapili moja, waliamini mambo mawili yasiyoweza kupatana kwa kutegemea jina la ukoo. Mnamo Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa na watu waliokuwa wamekimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini katika machafuko hayo.

Februari mwaka huo, Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK) lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea upande, na kwamba ndiyo sababu walishindwa kuyakabili maovu hayo. Kauli hiyo ilichelewa. Lakini ilikuwa nadra kwa taasisi yoyote nchini wakati huo, na haingewezekana kwa mtu anayeamini kwamba kila kabila lina ukweli wake, kwani mtu huyo hana mbele ya nani atubu.

Katika suala lililofikishwa mahakamani mwaka wa 2021, mwendo umekuwa wa polepole lakini unaonekana. Mwaka wa 1996 wasichana wa kwanza wa Tharaka walipitia sherehe iliyoitwa Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno: mafunzo, kutengwa kwa siku kadhaa, nyimbo na karamu, bila kisu. Makanisa mengi yameiga mpango huo wakati wa likizo za shule. Kwa mujibu wa takwimu za afya za kitaifa, wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 38 mwaka wa 1998, na asilimia 15 mwaka wa 2022. Kenyatta alikuwa sahihi kwamba irua ilikuwa shule. Wazazi wa Tharaka walibakisha shule, wakaondoa kisu.

Desturi nyingine ni changa lakini ina mizizi mirefu: ya mwanasiasa kuja ibadani na bahasha. Wanaoitetea husema ni ukarimu wa Kiafrika, na kwamba mgeni hafiki mikono mitupu. Septemba 2021, alipokuwa Butere kumtawaza Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuwa askofu kamili katika Kanisa la Kianglikana nchini, Askofu Mkuu Jackson ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawataruhusiwa tena kuhutubu mimbarani. Novemba 2024, Dayosisi Kuu ya Katoliki ya Nairobi ilikataa mamilioni ya shilingi ambayo Rais William Ruto alikuwa ameyatoa katika parokia ya Soweto, na ikaagiza yarudishwe. Baadhi ya waumini waliona ni ukosefu wa heshima kumrudishia mtu mzima zawadi yake mbele ya watu. Parokia hiyo ilikuwa bado haina nyumba ya makasisi, na pesa zilikuwa za kuijenga.